Bangili za Nyanya

Siku ya kupambwa kwangu nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa haipitiki kwa watu, na moyo ulinidunda kwa furaha na hasira pamoja. Hina imekolea, asumini tayari, wakwe wako njiani kutoka Bondeni, na mikono yangu mitupu! Bangili za dhahabu alizoolewa nazo nyanya, na shangazi naye akapambwa nazo, hazikuwapo. Nyanya alikuwa amemwazima jirani yetu, mshona buibui, aziweke rehani kwa sonara apate pesa za kumtibu mumewe. Jirani akashindwa kuzikomboa, na tangu hapo akawa anazungukia kichochoro cha nyuma asipite mlangoni petu.

Shangazi, bintiye nyanya, hakufanana na mamake hata chembe. Ukimwomba akukopeshe nauli tu, anakukatalia macho makavu.

"Sikopeshi mtu miye," husema. "Leo nimpe pesa, kesho akiniona ajifite vichochoroni?"

Mtaa mzima ulimwita mkono wa birika, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Nilikuwa nimeshakalishwa kitini, macho chini na kimya kama ada inavyomtaka bi harusi, vigelegele vilipolipuka mlangoni. Shangazi huyo, anamkokota jirani kwa mkono, na jirani machozi yanamtiririka.

"Mama, ndoo uone! Bangili zako hizi, kazileta mwenyewe!"

Nusura niruke kitini! Nyanya alipiga kigelegele cha msichana, akamkumbatia jirani, kisha akamgeukia bintiye mbele ya wageni wote.

"Waona sasa? Watu hukopeshwa na wakarudisha. Wewe ubahili wako utazikwa nao?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, akaja kunivisha.

Alipoinama, mtandio ukamteleza, na kwa chini ya kope nikaiona shingo yake. Kidani chake cha dhahabu, ambacho hata akienda kuoga hakivui, hakikuwapo. Nilimtazama jirani, ameketi bega kwa bega na nyanya, wanacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nikafumbua mdomo niwaambie wote.

Shangazi akanibana kiganja, akaipitisha bangili ya mwisho.

"Macho chini," akaninong'oneza. "Bi harusi hasemi."