Fundo la Mzee Asajile

Kila Ijumaa, kwa miaka sita, Mzee Asajile wa Kawetele alibeba mkungu wa ndizi begani mpaka stendi ya Tukuyu, akamkabidhi Zuber, kondakta wa basi la Dar es Salaam. Kwenye mkungu alifunga kamba ya mgomba kwa fundo alilofundishwa na marehemu baba yake. Enzi zile kila ukoo ulikuwa na fundo lake. Mzigo ulipita mikono kumi, wala hapakuwa na mwenye ubavu wa kulifungua ila aliyetumiwa. Leo watu wana makufuli na bado wanaibiana.

Kila Jumamosi mwanawe Lusungu alipiga simu kutoka Dar: "Baba, tumekula. Watoto wanakushukuru."

Jumapili moja akapiga mjukuu, Felista, binti wa Lusungu, kwa simu ya mama yake. "Babu, migomba yenu ilikauka? Mbona wewe hujawahi kututumia ndizi?"

Ijumaa ikamkuta mzee stendi, mkungu begani, fimbo mkononi.

"Zuber! Mwizi mkubwa wee! Miaka sita unakula jasho langu!"

Abiria wakaangua kicheko. Zuber, kijana wa Kiwira tu hapo jirani, hakucheka. "Mzee wangu, mzigo wako namkabidhi mwanao mkononi. Huamini? Panda. Ukiona nimekula hata ndizi moja, nichape na hiyo fimbo."

Akapanda, akakaa kiti cha dirishani, bila kumwarifu Lusungu. Kutwa nzima alimlinda Zuber kama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani. Makambako alishuka kukagua mkungu kwenye buti la basi. Iringa akaikataa chai ya Zuber.

"Na chooni utanisindikiza, mzee?" Zuber akamtania walipofika Morogoro.

"Nitakusindikiza!"

Waliingia stendi ya Mbezi, Dar, jua likizama. Zuber akashusha mkungu, na Lusungu huyo akaupokea kwa mikono miwili. Mzee aliinua mkono agonge kioo, amwite. Ukaishia hewani. Lusungu alipiga hatua kama ishirini tu, mpaka kwenye meza ya mama mmoja muuza ndizi. Akatoa wembe, akakata fundo, akapokea noti na kuzitia mfukoni bila kuzitazama, kama mtu aliyezoea. Kamba ikaangukia matopeni.

Kisha simu ya mzee ikaita; leo Lusungu hakungoja Jumamosi.

"Baba, mzigo nimeupata! Watoto hapa wanarukaruka!"

Kupitia kioo aliuona mdomo wa mwanawe ukiyasema hayo.

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru kwa Kinyakyusa, kama alivyomshukuru kila Jumamosi.

Basi likabaki tupu. Zuber alikuwa amesimama mlangoni, anatazama chini. Mzee akamfuata taratibu, akamnyooshea fimbo.

"Ulisema nikuchape. Chukua, unichape wewe."

Zuber aliipokea, akaenda kuiegemeza kwenye kile kiti cha dirishani.

"Tunarudi Tukuyu kesho alfajiri, baba. Kiti chako ni kilekile."