Sukuma Yenye Matundu

Miaka ile ya tisini nililishwa na sukuma wiki yenye matundu. Wateja wangu wa Kawangware, wenye ploti na wapangaji wao, waliinua jani juani kabla ya kununua. Likiwa zima, laini, wanalirudisha: hilo limepigwa dawa ya duka. Likiwa na matundu mawili matatu wanacheka, "Hii hata mdudu ameikubali." Nami niliapa mbele yao, kwa jina la Mungu, kwamba shamba letu halijui dawa ya duka.

Shamba lilikuwa la jirani yangu, kipande chembamba kando ya reli kule Kibera. Sote tulitoka Magharibi ya Kenya, na milango yetu ilitazamana pale Sarang'ombe, humo humo Kibera. Yeye alilima, mimi nikauza. Dawa tulitengeneza pamoja: tunatwanga pilipili kali na kitunguu saumu, tunaloweka hadi kesho yake, tunachuja kwa leso kuukuu, kisha tunatia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani. Asubuhi, umande ukiwepo, tunanyunyiza majivu ya jikoni. Mara ya kwanza nilijifuta jicho kwa mkono wa pilipili nikalia kama mfiwa, naye akanicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda sana yule mwanamke. Kila akinifungia mzigo aliongeza fungu moja kando.

"Hii ni ya watoto wako, dada. Usiuze."

Siku moja mama mmoja mwenye ploti, mteja wangu wa tangu mwanzo, aligeuza jani mara mbili.

"Kwani viwavi wako siku hizi wamenunua msumari?"

Nilicheka, nikamwambia hata mdudu ana mitindo yake. Alipoondoka nikafungua fungu lenyewe. Tundu lilikuwa duara safi, nalo lilipita kutoka jani la juu hadi la chini, mahali palepale. Nilijitwika mzigo wote nikarudi Kibera kwa miguu, nikimtetea jirani yangu moyoni njia nzima.

Nilimkuta shambani amechuchumaa. Bomba la kupigia dawa lilikuwa kando yake, bado linanuka dawa ya duka. Majani aliyapanga mapajani, na mkononi alishika sipoku ya baiskeli, ule waya wa gurudumu. Hata hakushtuka.

"Sasa ulitaka nifanye nini?" akasema. "Hao wadudu wamezoea pilipili. Na customer wako si ni matundu wanataka? Nimewapea matundu."

"Mimi nimeapa!"

"Wewe ndio uliapa. Mimi sikuapa."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Kinywa changu ndicho alichokuwa akiuza kila siku, na mimi nikimbebea. Niligeuka niende zangu, ndipo nikaona, nyuma ya majani mapana ya nduma, mstari mfupi wa sukuma iliyojaa majivu, kingo zake zimeliwa na viwavi wa kweli.

"Na ile ni ya nani?"

Aliangalia sipoku yake. "Ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Nilitua mzigo, nikatafuta lile fungu la kando alilonipa asubuhi kwa ajili ya watoto wangu. Nililiinua juani mbele yake. Matundu yake yalikuwa duara.