Mtani wa Mzee Gittens

Miaka minne ya kwanza ya Thadei Mapunda mjini London ilipita bila mtu kumtukana ipasavyo, na jambo hilo lilimkondesha. Si kwamba hakutukanwa kabisa. Alitukanwa na walevi wa Ijumaa kwenye treni alizokuwa akizisafisha, na siku moja na bibi mmoja aliyedhani ameibiwa mwavuli. Lakini hayo yalikuwa matusi ya hovyo, ya watu wasiomjua. Thadei alikuwa Mngoni wa Peramiho, mwalimu wa jiografia kabla hajawa mfagiaji wa mabehewa, na kwao mtu mzima hutukanwa na mtani wake, yaani mtu wa kabila ambalo babu zake walipigana nalo, wakachoka, wakapatana. Mtani anakuvua kofia njiani, anakwambia sura yako ilifanywa haraka haraka, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukifa anafika msibani amevaa nguo zako, anaiga unavyotembea, anazuia jeneza mlangoni, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

Mtaani kwake Lewisham Watanzania walikuwepo, lakini walikuwa Wachaga na Wahaya, watu wema, wasio na haki hata chembe ya kumtukana. Thadei alilisema hilo kwa mkewe Marcelina, ambaye yeye alimwita Mama Keren kwa jina la binti yao.

"Mama Keren, nikifia huku watanizika kwa sauti za chini. Kama benki."

"Mimi nakutukana kila siku," Marcelina akamjibu, akivaa viatu vya kwendea shifti yake ya kutunza wazee. "Hujashiba?"

Thadei akasema matusi ya mke hayahesabiki.

Jumapili moja ya mwaka 1994, mvua inanyesha, televisheni ikaonyesha filamu ya zamani ya vita. Mashujaa wakateremka kilimani na ngao zao, na mbele yao jemadari aliyejifunga ngozi ya chui iliyotengenezwa waziwazi na kiwanda cha mazulia ya bafuni. Thadei akasogeza kiti. Wale walikuwa watu wa kusini mwa Afrika, ndugu kabisa wa babu zake waliovuka Zambezi mpaka Songea. Jemadari alikuwa ameshika mkuki kichwa chini. Akapigwa risasi moja, tena ya kupita mbali, akajizungusha mara mbili, akatafuta mahali pasipo na mawe, akaitengeneza ngozi yake vizuri, akaanguka. Kisha akafumbua jicho moja kuangalia kama kamera bado inatazama.

"Mama Keren! Njoo uone! Huyu si yule mzee wa namba kumi na tisa?"

Marcelina akachungulia. "Ndiye. Yule wa kofia ya sufu. Mimi nilijua tu ana makuu."

Alikuwa ndiye. Carlisle Gittens, mzaliwa wa Bridgetown, Barbados, alikuwa amefika London kwa meli mwaka 1955 na kuigiza miaka arobaini. Alishakuwa kondakta wa basi, mwizi, mchungaji, na balozi wa nchi isiyotajwa jina. Zaidi ya yote, alishakufa. Kwa hesabu yake mwenyewe alikufa mara thelathini na moja, kwa risasi, sumu, mamba na ngazi, na hakuwahi kufika nusu ya filamu akiwa hai.

Jumatatu asubuhi Thadei akagonga mlango wa namba kumi na tisa.

"Umevaa ngozi ya babu zangu," akamwambia kwa Kiingereza chake cha darasani, "ukageuza mkuki, ukafa kwa risasi ambayo haikukugusa. Umepigana vita vyetu na umetutia aibu. Kuanzia leo wewe ni mtani wangu."

Akamweleza maana yake. Mzee Gittens alisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Ndiwe unayeimba bafuni saa kumi na moja alfajiri?" akauliza. "Miaka yote hii nimekuwa nikiwapigia simu mafundi wa bomba."

Thadei nusura amkumbatie. Alikwenda kazini siku hiyo akicheka peke yake, na abiria walihama kiti.

Basi wakatukanana miaka saba. Walitukanana ngazini, sokoni, na kwenye foleni ya posta, bila kuoneana huruma. Thadei alimwita mzee maiti wa bei poa. Mzee alimwita profesa wa maganda ya ndizi. Thadei alichukua kofia ya sufu akatembea nayo wiki nzima, na mzee akaja kula chapati sita kwenye sahani ya Thadei, akasema anafanya mazoezi ya kuigiza mfungwa. Jaswinder, jirani wa chini, alizoea kufunga dirisha akiwasikia wanakutana.

Mtu pekee asiyefurahi alikuwa Marva, binti wa mzee, mwalimu mkuu wa shule moja huko Walthamstow. Jumamosi moja alipanda ngazi akamkuta mwanamume asiyemjua, amevaa kofia ya baba yake, anapiga kelele mlangoni kwamba ndani ya nyumba ile anaishi maiti wa bei poa kuliko wote Uingereza. Marva hakuuliza swali. Aliandikia ofisi ya nyumba barua ya kurasa tatu. Baba yake alicheka mpaka akapaliwa, akamweleza habari yote ya utani, na Marva akasema, "Baba, huyo si rafiki." Tangu hapo alimsalimia Thadei kwa nyusi tu.

Mwaka 1998 mama yake Thadei alifariki Peramiho. Karatasi za Thadei za ukaazi zilikuwa bado serikalini, na bila hizo akitoka hatarudi. Watanzania wakaja kukaa naye matanga. Walikuja na sufuria za wali, akina mama wakaketi chini, kila mtu akasema pole kwa sauti ndogo, na kila kitu kilikwenda kama inavyotakiwa. Thadei aliketi wima kwenye kochi, macho makavu, siku ya kwanza na ya pili. Marcelina akaanza kuogopa.

Siku ya tatu mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Gittens amejifunga kanga ya Marcelina, kitambaa kichwani, mgongo umepinda juu ya fimbo. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kochi.

"Thadei! Nimetoka mbali kote huko nakukuta umekaa! Umeoga wewe?"

Kiingereza kilikuwa cha Bridgetown, lakini mama alikuwa mama. Kwa siku mbili mzee alikuwa akimhoji Marcelina kwa siri jinsi marehemu alivyokuwa akisema, akikohoa na akigomba. Akamkagua Thadei nyuma ya masikio. Akafunua sufuria, akaguna. Akamwambia mwenyekiti wa chama cha Watanzania akunje miguu, watu wanapita. Wageni walishikwa na bumbuwazi, kisha mama mmoja wa Kihaya akapasuka kicheko, kisha nyumba nzima, na Thadei akacheka nao, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Alilia vizuri, mpaka shati likalowa, na jioni akala.

Mwaka 2001 magoti ya mzee yakakataa baridi, akaamua kurudi Bridgetown kwa dada yake. Siku ya kuondoka alimshika Thadei mkono pale ngazini, na safari hii hakutania.

"Nikifa watanifanyia ibada ya kumbukumbu hapa London," alisema. "Watakuja watu wa televisheni waseme nilikuwa mtu mpole. Usiwaachie wanifanye hivyo. Njoo ufanye kazi yako."

"Na Marva?"

"Marva atakuua," mzee akasema. "Wewe njoo tu. Niahidi."

Thadei akaahidi. Februari 2003 Mzee Gittens akafa Bridgetown, mchana, kitandani, na mara hii hakufumbua jicho.

Marva akapiga simu. "Bwana Mapunda, baba aliliandika jina lako kwenye orodha ya wageni, kwa hiyo nakualika. Lakini utakaa nyuma na hutasema neno. Nimebaki peke yangu, na sitaki mtu amcheke baba yangu mbele ya watu. Naomba."

Ni lile "naomba" lililommaliza Thadei. Marva angemwamuru, Thadei angejua la kufanya. Sasa akinyamaza atakuwa amemtupa mtani wake, mtu aliyekuja na kanga siku ile alipokuwa anazama. Akisimama atakuwa amemuumiza mfiwa siku ya msiba wake. Wiki nzima alifagia mabehewa akigombana na nafsi yake, na Ijumaa akapita sokoni Lewisham akanunua blanketi la mabakamabaka ya chui.

"Hilo la nini?" Marcelina akauliza.

"La baridi."

"Baridi ya madoadoa?"

Keren, aliyekuwa na miaka kumi na tatu na aliyeelewa kila kitu, akasema, "Dad, please don't," akaingia chumbani kwake.

Kanisa lilijaa. Watu wa televisheni walifika na makoti meusi, wakapanda mmoja mmoja. Wa kwanza akasema Carlisle alikuwa mtu wa heshima. Wa pili akasema alikuwa mtu wa heshima na mpole. Wa tatu akamwita Carlton, mara mbili, na hakuna aliyemsahihisha. Hakuna aliyetaja hata kifo kimoja kati ya vile thelathini na moja. Thadei aliketi nyuma kabisa, mfuko magotini, akijiambia, nyamaza, Thadei, mtoto wa watu kakuomba.

Kisha akamtazama Marva pale mbele. Alikuwa ameketi wima, mabega yamekaza, macho makavu, anatikisa kichwa kwa adabu kila mtu akisema neno la adabu. Thadei aliufahamu mkao ule. Alikuwa ameukaa yeye mwenyewe siku mbili nzima kwenye kochi lake. Akasimama.

"Yesu na Maria," Marcelina akanong'ona, akamshika koti, likamponyoka.

Akajifunga blanketi begani. Akashika mwavuli kishikio mbele. Akaingia katikati ya kanisa kwa mwendo wa Mzee Gittens, kifua kwanza, magoti yanafuata baadaye.

"Mpole?" akapaza sauti. "Mpole gani? Mtu huyu alikula chapati zangu sita! Wa heshima? Amekufa mara thelathini na moja hapa Uingereza na hata moja hakuiweza! Ikabidi apande ndege mpaka Bridgetown, kwa nauli yake mwenyewe, ndipo apate kufa sawasawa!"

Akatoa mlio wa risasi kwa mdomo. Akajizungusha mara mbili, akaikagua sakafu, akalitengeneza blanketi, akaanguka mbele ya madhabahu, akafumbua jicho moja.

Kutoka pale chini Thadei aliona viatu vya kasisi vinakuja, na viatu vyeusi vya kike vinavipita. Vikasimama karibu na sikio lake. Akajiona mpumbavu kuliko watu wote wa Songea, akatamani sakafu immeze.

"Bwana Mapunda," Marva akasema.

"Naam."

"Umeangukia kushoto."

Thadei akafumbua na jicho la pili.

"Baba hakuwahi kuangukia kushoto. Goti la kushoto lilikuwa bovu." Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Inuka. Rudi kule ufe upya."

Thadei akainuka, akarudi, akafa upya, kulia.

"Na mkono!" Marva akamkemea. "Alikuwa anafunika uso kwa mkono, wasimtambue akirudi baada ya nusu saa kuwa mtu mwingine!"

Alipokufa mara ya tatu kanisa likalipuka. Yule wa Carlton alicheka mpaka miwani ikadondoka. Marva naye alicheka ameinama, ameshika tumbo, na kicheko kikageuka njiani. Akashika pembe ya lile blanketi akalia kwa sauti, akimwita baba yake, na Thadei akamkumbatia, goti linamuuma, kinywani hana hata tusi moja.

Baadaye watu wakaingia ukumbini kunywa chai. Marva alikuja mpaka kwenye meza ya Thadei na Marcelina, macho mekundu, akamtazama Thadei kuanzia viatu mpaka nywele.

"Na mwili huu," akasema, "utapata jeneza la saizi gani? Miguu itaingia, tumbo je?"

Thadei akaacha kutafuna keki. Kwao utani mtoto huurithi kwa baba yake, lakini hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa London jambo hilo, hata mzee mwenyewe.

"Sina mpango wa kufa," akasema.

"Hakuna aliyekuuliza," Marva akasema.

Miaka kumi na tatu Thadei alikuwa akiogopa kuzikwa katika mji huu na watu wa sauti za chini, na sasa hofu hiyo ilimtoka ghafla hata ikabidi aigeukie birika ya chai, asionekane. Marva hakumjali. Alivuta kiti karibu na Marcelina, akatoa kalamu, akageuza karatasi ya ibada upande usioandikwa.

"Dada," akasema, "anakoroma vipi?"

Marcelina, aliyelisubiri swali hilo tangu siku ya harusi, akasogeza kikombe pembeni.

"Andika," akasema.