Mkanda Unaokimbilia Kushoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lambert Lifoko anaizunguka mashine yake mara mbili bila kuigusa. Ameinama, mikono iko mgongoni, kama mnunuzi wa mbuzi asiyetaka muuzaji ajue amempenda yupi. Kisha anapiga goti na kuikazia macho skrubu moja ndogo ubavuni. Jana jioni aliichorea mstari wa chaki, kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Mstari uko palepale.

"Haijaguswa," mwandishi anamwambia.

"Ndiyo vile anataka tuone," anajibu Lambert. "Anaona chaki yangu, anazungusha, halafu anarudisha. Ule mutu iko na akili mubaya."

Ni Agosti 1957, ndani ya ukumbi wa dansi wa klabu moja ya Wazungu hapa Kisangani. Sakafu ni ya mbao za kambala, imekwaruzwa na viatu na miguu ya meza kwa miaka mingi, na inatakiwa iwe laini ifikapo Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Mashine yenyewe ni nzito kuliko mwenyewe. Ina mpini wa kusukumia, na chini yake mkanda mpana wa msasa unazunguka juu ya rola mbili. Ile skrubu ya chaki ndiyo inayouweka mkanda katikati. Ikizidishwa au ikipunguzwa, mkanda unahama, unasugua ubavu wa chuma na kuchanika. Wiki hii imekwisha kuchanika mitatu, na yote mitatu ilikimbilia kushoto.

Lambert ana miaka thelathini na sita, ni mtoto wa wavuvi wa Yanonge. Kabla ya mashine alikwangua sakafu za watu kwa kipande cha chuma, akiwa amepiga magoti, miaka sita mfululizo. Anakunja suruali kuonyesha magoti yake. Yana sugu ngumu, na moja halikunjiki vizuri tena. Miaka minne iliyopita alipewa mpini.

"Ile siku nilisimama," anasema. "Wewe unajua maana ya kusimama? Hujui. Unafanya kazi ya kukaa."

Ndiyo maana ana hofu. Jana msimamizi wa kazi, Monsieur Henri, alimwambia mbele ya wote: mkanda wa nne ukichanika, mpini utakwenda kwa Hilaire, na Lambert atarudi kwenye magoti. Mkanda mmoja una bei ya mshahara wake wa siku tano, na yote inatoka Ulaya kwa meli.

Hilaire ni mtu wa Kindu, mpole, mwenye mabega mapana. Anatangulia mbele ya mashine akizamisha vichwa vya misumari kwa nyundo, maana msumari mmoja ukichomoza unapasua mkanda na kutoa cheche. Ndiye mtu mwingine pekee anayekaa karibu na mashine, na ndiye atakayepewa mpini. Kwa Lambert, hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Juzi Jumanne alimwita mharibifu mbele ya mafundi wote.

Mwandishi naye hakusalimika. "Wewe nani alikutuma?" Lambert aliuliza tulipokutana. "Hii karatasi inakwenda kwa gazeti ao inakwenda kwa patron, kwa bwana mkubwa?" Aliomba asomewe kila kilichoandikwa. Alisomewa, akaguna, akaomba asomewe tena.

Akiwa kazini, hata hivyo, wasiwasi wake unakuwa ufundi. Kabla ya kugusa mkanda anachomoa plagi ukutani, anavuta waya hadi alipo, na plagi anaitia ndani ya shati lake, kwenye ngozi. Kwenye nyumba moja aliwahi kumwona fundi akibadilisha mkanda, na mwenzake akaikuta plagi chini, akadhani imeanguka, akaichomeka. Alikuwa anasaidia. Vidole viwili vilikwenda.

"Fishi inakaa na mwenye vidole," anasema Lambert, akiipapasa plagi ndani ya shati. "Si na rafiki, si na ndugu. Na mwenye vidole."

Anavisha mkanda, mshale ukielekea upande rola zinakozunguka, anaukaza, kisha anauzungusha kwa mkono na kuangalia kingo zake. Anajifunga kitambaa puani, anairudisha plagi ukutani, anapitisha waya begani usije ukaliwa na mashine. Anakandamiza mpini ili tumbo la mashine liinuke, ndipo anawasha. Anaanza kutembea kwanza, halafu anaishusha taratibu. Hasimami. Ukisimama na mashine ikiwa chini, anaeleza, unachimba shimo, na shimo hilo watu watalichezea dansi miaka ishirini. Mfuko wa vumbi ukijaa anaumwaga nje kwenye bati na kutia maji, maana hilo vumbi analishuku kuliko watu: linaweza kuwaka lenyewe.

Leo anavuka ukumbi mara nne. Mara ya tano sauti inabadilika. Lambert anainua mashine na kuizima kabla mwandishi hajaelewa kitu. Mkanda umekimbilia kushoto, ukingo wake umeanza kuchakaa.

"Hilaire!"

"Papa Lambert, unanitafuta nini?" Hilaire anaweka nyundo chini. "Tangu saa ya asubuhi niko mbele yako, unaniona mugongo. Nimegusa na nini? Na mugongo?"

"Uligusa jana."

"Na chaki yako?"

Lambert anaiangalia skrubu: mstari uko palepale. Mafundi wawili wanacheka, Hilaire hacheki. Ameumia, na haoni haya kuonyesha.

Saa sita mchana Lambert anapanda baiskeli, mwandishi akiwa nyuma, kwenda kwake Mangobo kuchukua mkanda mwingine. Ndiyo, mikanda inalala kwake. Monsieur Henri anaamini anawauzia maseremala, na kila inapoletwa kazini anaihesabu kwa kidole. Ukweli ni kwamba ghala la klabu linavuja, na kwenye unyevu gundi ya mkanda inalegea. Mtoto wa wavuvi anajua pahali pakavu kuliko pote ni wapi: juu ya moshi. Zamani aliitundika darini, jikoni. Tangu Jumapili iliyopita, dari nayo ilipoanza kudondosha maji, ameishusha kwenye utara wa kukaushia samaki.

Mkewe, Florentine, yuko hapo anageuza samaki mmoja mmoja juu ya moto mdogo. Mwisho wa utara, mikanda miwili imesimama kwa ukingo, mviringo, mshale wa kila mmoja ukielekea mlangoni. Lambert ndivyo anavyoipanga, sawasawa, ili ajue kama kuna aliyeigusa.

"Mi sigusi," Florentine anamwambia mwandishi kabla hajaulizwa. "Alisema mutu asiguse. Hata mimi, bibi yake! Eti nitahamisha."

"Na samaki kwa nini unageuza?" mwandishi anauliza, kwa adabu tu.

"Aa! Usipogeuza, chini inakauka, juu inabakia mubichi. Halafu inapinda." Mkono wake unasimama hewani. Anaitazama mikanda, kisha anamwita mumewe kwa jina la binti yao. "Papa Colette. Hizi bandi zako, wewe unageuzaka?"

Lambert anaushusha mkanda mmoja. Anachukua uzi kutoka kikapu cha mkewe, anapima ukingo wa juu, anapima wa chini. Wa chini ni mfupi. Tofauti ni unene wa punje ya mchele, lakini inatosha kabisa. Mkanda uliofupika upande mmoja utakimbia tu, hata skrubu ikilindwa na askari.

Anakaa kwenye kigoda. "Nilimutukana mbele ya watu," anasema. "Mbele ya watu, Florentine."

"Basi utaomba radhi mbele ya watu," anajibu mkewe, na kugeuza samaki mwingine.

Anaigeuza mikanda, na muda wote wa chakula, ambacho Lambert hakifikishi tonge la tatu, inaota joto upande wa pili. Tunarudi na mikanda yote miwili.

Ukumbini anawasimamisha mafundi wote. Hazungushi maneno. "Haikuwa Hilaire. Ilikuwa mimi, na moto ya nyumba yangu. Nimesema uongo juu yake, na nasikia haya." Monsieur Henri, aliyekuwa mlangoni, anauliza moto gani. Anaelezwa. Anaihesabu mikanda tena.

Mkanda mpya unavishwa. Lambert anazungusha skrubu robo, anawasha, anatazama. Mkanda unasogea kidogo kushoto, unasita, unarudi katikati na kukaa hapo. Anavuka ukumbi mara tano, mara kumi, mara kumi na tano. Ifikapo saa kumi, robo tatu ya sakafu imekwisha, na hata Monsieur Henri amekwenda zake.

Akifuta vumbi usoni, Lambert anasema anachokitaka sasa: kabati moja kavu lenye balbu ndani, hapahapa kazini, na mtu wa pili anayejua mashine. Goti lake halitamvumilia milele. "Nikigonjwa, nani atashika? Nataka Hilaire ajue. Yote. Hata visi." Anaigusa ile skrubu ya chaki.

Anamwita. Anamwonyesha mahali pa kulegeza mkanda, pa kutia vidole. Anachomoa plagi ukutani, anakuja nayo mkononi.

"Bon. Ingiza mukono," anasema.

Hilaire anaitazama plagi, kisha anamtazama Lambert usoni.

"Vidole ni vya nani?" anauliza.

"Vyako."

Hilaire ananyoosha mkono, anapokea plagi, anaitia ndani ya shati lake na kufunga kifungo. Ndipo anapiga goti.