Siku Niliyopanda Kilima cha Kolo Kinyumenyume

Mpaka leo nikisikia mtu anataja Kolo masikio yananiwaka moto kwa aibu, na ninyi mlionibana nisimulie, atakayecheka kabla sijamaliza nanyamaza papo hapo.

Ilikuwa Jumamosi, nimetoka Chamwino ninakofanya kazi, naenda Kolo kujitambulisha kwa mama yake Zuhura, mchumba wangu. Zuhura alishanionya kwamba kwao wajomba na baba wadogo wote wanaongea, lakini neno linalopita ni la mama, akikunja uso tu posa haipokelewi. Basi nikaamua nitokee kiofisa, nikavaa suruali ya suti niliyoshonewa wakati wa mahafali (tangu hapo nimeongezeka kilo kumi na mbili, lakini kifungo kilifunga, nikasema inatosha).

Chai ikanyweka vizuri, mama ananiita "baba", moyo unaruka. Mara akasimama. "Mgeni haondoki Kolo bila kuona michoro ya miambani. Twendeni, ni hapo tu!"

Jamani, hapo tu! Mwendo ni mfupi kweli, ila kilima kimesimama wima, mawe juu ya mawe, na koti nimeliacha nyumbani kwa sababu ya jua. Zuhura mbele, mimi katikati, mama kabaki nyuma anasalimiana na mwanamke aliyekuwa akishuka na kuni. Nami kwa kupenda sifa, badala ya kuuzunguka mwamba kama Zuhura, nikaona niupande wimawima. Nikainua mguu, nikasikia chaaa! Upepo ukaingia mahali ambapo hauna kazi. Kupapasa nyuma, mshono wote umefumuka (shati nililichomoa nijifunike, lakini nalo lilikuwa la enzi zilezile, likaishia kiunoni).

Na mama huyo anakuja! Nikageuka, nikamtazama, nikaanza kupanda kinyumenyume, natafuta mawe kwa visigino huku namuuliza habari za shamba la alizeti.

"Mbona unapanda hivyo, baba? Utaanguka!"

"Mama, kwetu mkwe hapewi mgongo."

Uso wake ukachanua. "Zuhura, umesikia? Vijana wenye adabu hii wamebaki wangapi?"

Zuhura, aliyekuwa juu yangu akiona kila kitu, alikuwa ameuma ncha ya mtandio, machozi yanamtoka. Mimi nikanogewa, nikaongeza chumvi, nikasema hata marehemu babu alitembea kinyumenyume mbele ya mkwewe hadi uzeeni, na kila mama aliponisifu nilizidi kuvimba kichwa.

Tukafika juu. Wallahi pale ni pazuri, nyika yote iko chini yako mpaka macho yachoke, nilitamani kupiga kelele kwa furaha, ila mwenzenu niliiona kwa kupinda shingo tu. Kulikuwa na walimu kama kumi waliokuja kutembea, simu mkononi. Mama akawaita: "Njooni muone mkwe mwenye heshima! Tangu chini hajanipa mgongo!"

Wakaja, tena wakanisogelea kutoka kushoto na kulia. Nikarudi hatua moja, nikarudi ya pili, niupate mwamba niuegemee.

"Baba, nyuma yako genge!" mama akapiga yowe.

Nikageuka.

Mwalimu mmoja akasema kwa upole, "Mama, heshima yenyewe imechanika."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mama hakucheka. Alivua khanga ya begani, akaninyooshea huku kaangalia nyika, nami nikajifunga, nikijua posa ndiyo imekwisha. Nilitamani kulia.

"Kuchanika si aibu, baba," akasema. "Aibu ni kunidanganya kilima kizima."

"Nisamehe, mama."

Mara mabega yakaanza kumcheza, akacheka hadi akaketi juu ya jiwe. "Wazee wako waje. Ila posa hiyo ije na ukweli."

Nikashuka nimevaa khanga, walimu wakinipisha njia kama bibi harusi, na sikujali hata kidogo. Tangu siku hiyo nimeapa: nikichanika, nasema nimechanika.