Nyaya Mbili, Kolandoto hadi Runzewe

Usiku wa kuamkia safari sikulala kwa sababu ya nyaya mbili, moja nyeusi na moja ya bluu. Niliziunga mwenyewe chini ya dashibodi ya lori la Baba, na sasa, nikiwa chali natazama bati, nilijiuliza nilijuaje ipi iende wapi. Jibu lilikuwa lile lile kila nilipogeuka. Sikujua. Nilibahatisha.

Lori letu ni la zamani na feni ya hita ilikuwa imechoka. Kwetu Kolandoto hakuna anayetaka joto ndani ya gari, lakini mvua ikinyesha na vioo vikafungwa, feni hiyo ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Niliikagua kama nilivyofundishwa chuoni: fyuzi nzima, swichi nzima, umeme unafika wote bila kupungua. Ubovu ulikuwa kwenye mota yenyewe, imejaa nyuzi za pamba za miaka yote tuliyobeba pamba ya Kishapu. Nikanunua mota iliyotumika, nyaya zake za rangi nyingine, nikaifunga. Upepo ukatoka. Baba akasema mbele ya majirani, "Leo shule imeonekana." Nina miaka miwili tangu nimalize chuo, sina kazi, na neno hilo nilikuwa nalisubiri kuliko barua yoyote ya ajira.

Aliyelitia doa ni Doto, pacha wangu. Yeye aliishia kidato cha pili akaingia kwenye lori, na tangu hapo jina lake ndilo linaloitwa kwanza nyumbani. Aliporudi safari iliyofuata alisema, "Baba, upepo huu ni dhaifu kuliko ule wa zamani." Baba akamkaripia kwamba anamwonea wivu mwenzake. Mwenye wivu nilikuwa mimi.

"Nendeni wote Runzewe," Baba aliamua. "Mkirudi nitajua lori namwachia nani." Macho yake hayamruhusu tena kuendesha.

Saa kumi na moja alfajiri Doto alikuwa ameshagonga tairi zote na kukaza turubai juu ya magunia ya mashudu. Nilipanda kiti cha utingo. "Injinia, funga mkanda," alisema, akacheka peke yake.

Tinde tulisimama kunywa chai. Mama wa mgahawa hakumuuliza Doto anataka nini, alimletea chapati mbili na chai ya rangi. Kisha akanitazama. "Na huyu mwenye sura yako?"

"Kaka yangu Kulwa. Alinitangulia kutoka."

"Mbona hatujawahi kumwona?"

"Alikuwa anasoma chuo, mama. Ni injinia huyu." Alilisema kwa majivuno, na mimi nikatafuta kejeli ndani yake mpaka chai ikapoa. Sikuipata, nikaudhika zaidi.

Kuanzia Kahama kila dereva tuliyepishana naye alimpungia mkono. Mimi hakuna aliyenipungia, nami nilijua ni upuuzi kulitaka hilo.

Kabla ya Ushirombo mvua ilitukuta. Tulipandisha vioo, na papo hapo kioo cha mbele kikageuka maziwa. Doto alizungusha swichi hadi mwisho.

"Feni yako inapumua kama mgonjwa," alisema. "Shika kitambaa, nifutie upande huu."

Nilifuta, ukungu ukarudi. Nilipofuta tena tuliona ng'ombe wamejaa barabarani, na mchungaji amejifunika gunia kichwani. Doto alikanyaga breki. Lori liliserereka kidogo, likasimama ng'ombe wa mwisho akiwa karibu na bampa kiasi cha kuhesabu mbavu zake. Doto hakunilaumu. Alipumua tu, akasubiri wapite.

Pale pale lilinijia somo nililokuwa nimelisahau: feni ya namna ile ikizunguka kinyume bado hupuliza upande ule ule, ila kwa unyonge. Nililiweka moyoni.

Runzewe tulifika saa nane. Tuliposhusha mzigo Doto akanipeleka kwa Mama Neema, fundi umeme wa magari, mwanamke wa makamo aliyefunga khanga juu ya ovaroli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Lori limekula nini leo hata likaugua?"

Aliweka kiganja kwenye tundu la upepo, akatikisa kichwa. Akaifungua mota, akaigusisha kwenye betri, akatazama mapezi yanavyozunguka. "Nzima kabisa. Imefungwa kinyume. Nani alifunga hii? Ufundi alijifunzia redioni?"

Madereva wawili waliokuwa benchini walicheka. Nilifungua mdomo.

"Mimi, mama," Doto akawahi.

"Basi wewe shika usukani, nyaya tuachie wenyewe."

Akageuza nyaya. Upepo ulitoka kwa nguvu, gazeti kuukuu likaruka kutoka juu ya dashibodi. Ningepaswa kumshukuru ndugu yangu. Badala yake nilizidi kumchukia. Hata aibu yangu alikuwa ameichukua, ikamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini.

"Walikuwa wanacheka," alisema, akibadilisha gia. "Wewe ukichekwa hulali siku tatu. Mimi nachekwa kila siku."

Tulilala Kahama. Asubuhi tukiwa tumeshaondoka Baba alipiga simu, Doto akaweka sauti kubwa.

"Imepona, Baba. Nyaya zilikuwa zimegeuzwa."

"Nani alizigusa?"

Doto alinitazama mara moja, akarudisha macho barabarani. "Tutaongea nyumbani."

"Najua ni wewe. Umechezea kazi ya mwenzako." Simu ikakatika.

Kutoka hapo hadi Tinde niligeuza kila kitu kichwani. Sikumwomba ajitoe kwa ajili yangu. Nikikabidhiwa lori naweza kumwajiri awe dereva wangu. Nilifikiri hata hilo. Mvua ilinyesha tena, na safari hii kioo kilibaki safi. Niliona kila baiskeli, kila mbuzi. Doto aliimba kwa pua.

Kolandoto tulifika saa tano. Baba alikuwa barazani. Alizipokea funguo kwa Doto, akazinyoosha kwangu. "Kulwa, shika. Lori nakuachia wewe."

Doto aligeuka akatazama tairi. Nilizishika. Bado zilikuwa na joto la mkono wake.

"Baba, nyaya nilizigeuza mimi. Nilibahatisha, nikawaambia najua. Doto alisema kweli tangu mwanzo."

Sikusubiri uso wake ubadilike. Nilimwendea Doto nikamwekea funguo kiganjani, na wivu ukaniuma vile vile, haukupungua. Kisha nikapanda upande wa utingo, nikainama chini ya dashibodi, nikafunga utepe mwekundu, alama ya chanya, kwenye waya wa bluu, ili atakayeufungua tena asibahatishe.