Siku Walipowafuata Wageni wa Emiliana

Egidi alipofariki, Emiliana alimlilia kwa siku tatu kama ilivyompasa mjane, akanyolewa nywele, kisha akalala usingizi mnono ambao hakuwa ameupata tangu aolewe. Marehemu alikuwa na mkono mwepesi. Alikuwa akimpiga kwa kafi, kwa mkanda, na siku moja, kwa sababu chumvi ilizidi kwenye mchuzi, akampiga na sufuria yenyewe mbele ya mama yake mzazi. Jino lake la mbele liliondoka siku hiyo. Kwa hiyo Emiliana, kufikia miaka arobaini na sita, hakuwa mwanamke wa kushtushwa na makelele ya mwanamume.

Aliachiwa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, katika kijiji kidogo cha ufukweni mwa ziwa, upande wa Lundo. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Cleopa, alipotafuta pa kuwaweka watu wawili waliokuja kujitolea, mtu na mkewe kutoka Ufilipino, Emiliana alisema waje kwake. Mke, Marisol, alikuwa muuguzi na alipangiwa zahanati. Mume, Danilo, alikuja kufundisha ujenzi wa vyoo.

Watoto waliwaita Wachina. Marisol alijifunza kuchota maji ziwani, na mwezi wa kwanza wote alifika nyumbani amelowa mpaka viatu na ndoo ina nusu. Alijifunza kumenya muhogo na kusonga ugali wake mweusi unaovutika. Danilo ndiye aliyewashangaza watu. Baba yake kule kwao alikuwa mvuvi, na siku alipowaona usipa, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye chanja alicheka peke yake, akaokota mmoja aliyekuwa bado mbichi na kumtia mdomoni na kichwa chake. Jioni alikaa na wavuvi kushona nyavu. Mmoja wao alikuwa Florian, mdogo wake marehemu Egidi, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Florian alimpa Danilo sindano yake ya nyavu, kitu ambacho hakumpa mtu yeyote.

Mwezi wa pili watu wa zahanati, Marisol akiwamo, walikwenda shuleni kupima watoto. Walichukua mkojo kwa ajili ya kichocho, na tone la damu kidoleni kwa ajili ya malaria. Wiki haikuisha, Emiliana akasikia minong'ono chanjani. Damu inapelekwa wapi? Kwa nini wageni hawataki mshahara? Mtu gani anavuka bahari mbili kuja kuchimba vyoo bure?

"Mwanangu," alimwambia Marisol, "hiyo damu, waoneshe watu inakokwenda."

"Tone moja tu, Mama," Marisol alijibu akicheka. "Kwenye kipimo, halafu tunachoma moto."

"Basi wachomee mbele yao."

Marisol alisema sawa, lakini kazi zilikuwa nyingi.

Ijumaa moja Avelina, binti wa Florian mwenye miaka tisa, alitobolewa kidole. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda ziwani na mama yake, Beata, kuosha vyombo. Beata alirudi peke yake, akasema mtoto ametoweka, ameteleza majini. Walimtafuta siku mbili. Jumanne maji yalimtupa kwenye mdomo wa kijito, mguu mmoja hauna nyama, na mwili mzima mweupe kama karatasi.

"Hana damu," mtu mmoja alisema wakati wa kumwosha. "Mtazameni. Hana hata tone."

Neno hilo lilitoka kwenye chumba alimooshewa, likapita kwa wachimba kaburi, likafika makaburini kabla ya jeneza. Mzee Cleopa alilisikia. Akavaa kofia yake, akaenda zake nyumbani.

Emiliana, aliyekuwa amewaambia wageni wabaki nyumbani, hakukaa mpaka mwisho wa mazishi. Hakupenda namna watu walivyomtazama. Saa nane mchana alikuwa uani akitwanga makopa ya muhogo, Marisol anachekecha unga, Danilo amelala na kitabu usoni. Walisikia kwanza miguu, halafu jiwe likagonga bati.

Danilo, kwa ujinga wa mtu mwema, alitoka kuwasalimia. Alimwona Florian mbele, akanyoosha mikono yote miwili kumpa pole. Florian alimpiga kafi sikioni. Mlio wake ulikuwa mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Danilo akaanguka, na waliokuwa nyuma wakamjia kwa mateke, mbavuni, mgongoni, usoni, wanaume aliokula nao usipa wiki iliyopita. Mmoja aliinua jiwe kwa mikono miwili.

Emiliana alipita katikati yao. Alimshika Danilo kwapani akamburuta, mateke yaliyokusudiwa Danilo yakimwangukia yeye, mpaka ndani, na Marisol akasukuma komeo. Sikio la Danilo lilikuwa linatoa damu nyeusi. Dirisha likavunjika. Uani jiko la nyasi lilikuwa tayari linawaka, na moshi ukaanza kuingia chini ya mlango.

"Watatuua, Mama," Marisol alisema. Hakulia. Alikuwa amelikandamiza sikio la mumewe kwa kanga.

"Fungua nitoke, halafu ufunge."

Mchi ulikuwa bado umeegemea kinu. Emiliana aliuchukua, akasimama mlangoni.

"Shemeji, toka hapo," Florian alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio na pombe ya msibani, na panga lilikuwa mkononi. "Sina ugomvi na wewe."

"Waliomo humu ni wanangu. Una ugomvi na mimi."

"Wamemnyonya mwanangu!"

"Hawajamnyonya mtu. Rudi nyumbani ukalie."

Florian alimshushia panga. Emiliana alikinga kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vikaenda, kidogo na cha pete, akaviona vikianguka chini na hakusikia maumivu. Alichosikia ni hasira, hasira ya miaka yote ya nyumba ile. Alizungusha mchi kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, ukampata Florian begani. Mfupa ukalia. Florian akapiga goti, na Emiliana akauinua mchi tena, safari hii juu ya kichwa chake, na angeushusha. Baadaye alisema mwenyewe, bila kuficha: angeushusha.

"Ni mamba!"

Beata alikuwa amesimama nyuma ya watu, udongo wa kaburi bado uko magotini.

"Ni mamba," alirudia. "Nilimwona. Nilimshika mtoto mkono, na yeye alimshika mguu. Tukavutana. Akanitazama, Avelina, ananiita. Mkono ukateleza. Hapana, haukuteleza. Niliuachia. Niliogopa, nikauachia."

Moto wa jiko ulikuwa unalia wenyewe.

"Kwa nini hukusema?" Florian aliuliza chini pale alipokuwa.

"Ungeniua."

Naye akainuka amuue. Aliliokota panga kwa mkono mzima, akamwendea mkewe mbele ya kijiji kizima, na ndipo wanaume wale wale waliokuja kuua wageni wakamrukia, wakamlaza kifudifudi, wakamfunga kwa kamba za nyavu. Walimpiga sana kuliko ilivyohitajika. Walikuwa na aibu, na ilibidi aibu imwangukie mtu.

Mvua zilikuwa zimekata barabara, polisi wakafika kesho yake. Danilo alipelekwa Songea, kisha yeye na Marisol wakarudi kwao. Sikio lile halikusikia tena. Florian alifungwa miaka saba, na Emiliana ndiye aliyetoa ushahidi mzito. Ukoo wa mumewe ulimkatia chanja chake cha usipa na kukifanya kuni. Hakwenda kushitaki. Alijenga kingine, mbali zaidi, na Beata akamsaidia, kwa kuwa Beata hakuwa na pengine pa kulala. Hawapatani sana, wale wawili. Beata hupiga kelele usingizini, na Emiliana humwamsha kwa ukali.

Marisol hupiga simu. Kiswahili chake kinapungua, lakini bado huanza na shikamoo.

Mwaka huu mzee Cleopa alikuja na barua. Kuna wengine wawili, wasichana kutoka Korea, wanatafutiwa nyumba. Alikaa ukingoni mwa kigoda, akikwepa kuutazama mkono wa mwenyeji wake uliopungua vidole.

"Waje," Emiliana alisema. "Vipimo vifanyike uwanjani, wazazi wote wakiona. Na wewe mwezi wa kwanza utalala hapa barazani."

Mzee alicheka. Alipoona Emiliana hacheki, aliuliza kama kuna mkeka.